Kurasa Alizozichomoa Fundi

Vitabu navyo huugua, na vikiugua hupelekwa kwa Fundi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya maktaba ya umma, ukishapita choo cha wafanyakazi na stoo ya viti vibovu, na kabla hujabisha hodi pua yako imeshakutana na gundi. Ndani kulikuwa na meza ndefu yenye makovu ya visu, kibanio cha chuma cha kukaushia vitabu vilivyopakwa gundi, na mashine ya kukatia karatasi ambayo mpini wake uling'arishwa na viganja vya watu waliokwisha kustaafu. Kitabu kilicholegea alikifumua uzi, akakitenganisha fungu kwa fungu, akakishona upya, akakipaka gundi mgongoni na kukivisha jalada jipya. Mkutubi mkuu, mama mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kichwa, alimwita Daktari.

"Daktari, nakuletea mgonjwa mahututi," alikuwa akisema, akitua kitabu mezani. "Huyu kanyeshewa mvua, kisha kamwagiwa chai. Sijui alikuwa matembezi gani."

"Mwache hapo, mama. Ndugu zake waje kumwona kesho."

Kazi ile ilikuwa na mwiko mmoja: ukurasa hautupwi. Uwe umechanika, uwe umepotelewa na kitabu chake, unawekwa, maana ipo siku mwenyewe atarudi kuuulizia. Mwiko huo Fundi aliurithi kwa mzee aliyemfundisha kazi, na aliushika kwelikweli. Likumbukeni hilo, kwa sababu mtu huyuhuyu wa miiko ndiye aliyekuja kuchomoa kurasa kwa mkono wake, tena akajiona amefanya jambo la maana.

Mkewe alikuwa mshonaji wa nguo. Cherehani yake ilikaa dirishani sebuleni, na nyumba yao ilikuwa nyumba ya nyuzi, ukikaa vibaya unanyanyuka na sindano. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike waliyempa jina zuri la bibi yake, lakini jina hilo lilibaki kwenye cheti tu. Tangu alipojua kusema hakunyamaza, basi mtaa mzima ukamwita Chiriku. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea na cherehani ya mama yake kama anaongea na shoga yake. Kila gauni aliloshonewa alitaka liwe na mifuko. Mama akimwambia gauni la sherehe haliwekwi mifuko, anauliza, "Sasa mawe yangu yatakaa wapi?" Na mifuko inawekwa. Kwa ajili yake wazazi wakawa Baba Chiriku na Mama Chiriku, hata watu wakasahau majina yao mengine.

Homa ilimkamata akiwa darasani, na kabla wiki haijaisha walikuwa wamemzika.

Baada ya msiba jina lile likawa kaa la moto, hakuna aliyethubutu kulitia mdomoni. Majirani walimwita mama yule "dada", "jirani", "mwenzetu". Fundi mwenyewe akawa anamwita "sikia" na "bibie", na siku nyingine hakumwita kitu, alikohoa tu mlangoni ili ajulikane amefika. Mama wa watu aliifunika cherehani kwa shuka, akawa anakaa kwenye kitanda cha mtoto tangu asubuhi. Alikula kidogo, tena kama anayemlia mtu mwingine.

Fundi yeye alijikaza kisabuni. Hakulia hospitalini wala makaburini, na alirudi kazini mapema kuliko alivyopewa ruhusa. Watu wakamsifu. Wakasema yule ni mwanamume, na yeye akaipokea sifa hiyo akaivaa.

Ni dada yake mkubwa aliyemsukuma ampeleke mkewe zahanati, kwa mshauri. Mshauri alikuwa msichana mpole, umri wa kuwa binti yao, mwenye kiti kimoja kizuri alichompisha mgonjwa. Aliuliza maswali mengi na kupata majibu machache, mwisho akauliza, "Mama, unapenda kusoma?"

"Zamani nilikuwa nasoma."

"Basi uanze tena. Vitabu vya mawaidha tuviache, vitakuchosha bure. Usome hadithi za watu. Si lazima ziwe za furaha. Mtu akimkuta mwenzake kitabuni amepita palepale anapopita yeye, anajua hayuko peke yake, na mzigo unapungua kidogo. Ukija hapa tutazungumza uliyoyasoma." Akamgeukia Fundi akitabasamu. "Baba, si nimesikia kazi yako ni vitabu? Basi nusu ya dawa iko kwako."

Si lazima ziwe za furaha. Fundi alilisikia neno hilo kwa masikio yote mawili, asije akasema hakuambiwa.

Maktaba ilikuwa na rundo la vitabu vilivyoondolewa rafuni kwa uzee, na wafanyakazi waliruhusiwa kuvichukua. Fundi akachagua cha kwanza, hadithi ya mwashi na wanawe, akakifumua ili akishone vizuri kabla hajampelekea mkewe. Alipokuwa akipanga mafungu macho yake yakaangukia mahali ambapo kitindamimba wa mwashi anaangukiwa na ukuta. Sura iliyofuata ilikuwa juu ya mama yake yule kijana, alivyokaa jikoni bila kuwasha moto. Fundi alisoma nusu ukurasa, akalisukuma fungu kando.

"Nimpelekee hiki?" alijiuliza. "Si sawa na kumpaka pilipili kwenye kidonda?"

Akachukua kisu. Kuchomoa fungu la kurasa kwa fundi wa kiwango chake ni kazi ndogo, unakata uzi, unavuta, unarudisha uzi mwingine katika matundu yaleyale. Pale sentensi ilipokatika katikati alibandika kipande cha karatasi nyeupe, kama inavyobandikwa penye tobo. Zikabaki nambari za kurasa, nazo zingemchongea, maana zingeruka. Akakilaza kitabu kwenye mashine, akapunguza ukingo wa chini, nambari zote zikaanguka sakafuni. Mkewe alipouliza mbona kingo zimepunguzwa, jibu lilikuwa tayari: zililiwa na panya.

Kifo chenyewe hakukiondoa. Kilikuwa kwenye ukurasa wenye mambo mengine ya lazima, ukiutoa hadithi haieleweki. Alichoondoa ni kilio. Mwashi akazika mwanawe chini ya ukurasa mmoja, na juu ya ukurasa wa pili akawa anajenga ukuta mwingine huku akiimba.

Ikawa ndiyo desturi. Kila kitabu kilichokwenda nyumbani kilipitia kwanza kwenye kisu. Kurasa alizozitoa alizitia kwenye boksi la viatu chini ya meza, kwa kuwa mwiko ni mwiko. Hakuzisoma. Akiona tu neno "kaburi" na neno "mama" yamekaribiana, anakata.

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa kitabu cha mwanamke mfinyanzi. Nusu ya kwanza ilikuwa tamu mno: mama na bintiye wanachimba udongo, wanaukanda, wanauza vyungu, wanagombana kwa utani kutwa nzima. Fundi alicheka peke yake akikipitia. Kisha binti akafa, na kilichofuata kilikuwa fungu nene kuliko yote aliyowahi kuyatoa. Alipolichomoa kitabu kilikonda, mgongo ukalegea ndani ya jalada kama mguu mwembamba ndani ya buti. Mgongo uliolegea hujazwa kwa karatasi kuukuu iliyopakwa gundi. Na karatasi kuukuu iliyokuwa karibu na mkono wake ni ipi? Ni zilezile kurasa. Akazikunja, akazipaka gundi, akazibandika mgongoni kwa ndani, akafunika. Ukurasa haukutupwa, alijiambia. Mjanja kweli.

Na dawa ikaonekana inafanya kazi. Mama alianza kusoma, mwanzoni akiwa pale kitandani kwa mtoto, halafu akahamia sebuleni. Siku moja Fundi alirudi akakuta shuka limetoka juu ya cherehani. Siku nyingine alikuta chakula mezani na mkewe anamsimulia jambo la jirani, anacheka. Dada mkubwa alipokuja alipiga vigelegele mlangoni.

"Wifi yangu karudi! Hebu nione hayo mashavu! Mdogo wangu, wewe ni fundi au mganga?"

"Vitabu, dada. Vitabu tu," alisema Fundi, akiangalia chini kwa unyenyekevu wa uongo. Moyoni alikuwa amevimba kwa fahari. Nani angemwambia kitu? Mshauri na vyeti vyake alisema ovyo, yeye na kisu chake ndiye aliyemponya mke wake.

Jumapili moja alitoka kwenda kununua mkate, akafika njiani akakumbuka ameacha pesa juu ya kabati. Aliporudi akasikia bomba la bafuni limefunguliwa, maji yanamwagika kwa nguvu. Akasubiri. Maji hayakuisha. Akaenda kugonga aulize kama koki imeharibika, na alipofika mlangoni akasikia, chini ya sauti ya maji, sauti nyingine. Ilikuwa sauti aliyoisikia mara ya mwisho hospitalini.

Alisimama pale na mkono wake hewani. Maji yakafungwa, mlango ukafunguliwa, mkewe akatokea amenawa uso, na tabasamu tayari lipo mahali pake. Alipomwona mumewe tabasamu likayumba.

"Ulikuwa unalia," alisema Fundi.

"Nilikuwa nanawa."

"Nimesikia."

Mama akaketi juu ya beseni kubwa la nguo lililopinduliwa kando ya ukuta. "Usimwambie mshauri."

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba bado niko hivi. Naona aibu." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayekiri wizi. "Vitabu vyote ulivyoniletea nimevisoma. Yule mwashi kafiwa na mwanawe wa mwisho, ukifungua ukurasa anaimba. Yule mfinyanzi, yule niliyempenda, kamzika binti yake wa pekee, ukifungua ukurasa yuko sokoni anataniana na wenzake. Wote wako hivyo. Watu wanafiwa, wanainuka. Mshauri aliniambia nitamkuta mwenzangu humo. Nimemtafuta, hayumo. Sasa mimi nina kasoro gani? Sikumpenda mtoto kama watu wanavyopenda, au nimempenda vibaya?" Akajifuta pua kwa kiganja. "Nikasema basi, nifanye kama wao. Nikicheka watu wanafurahi. Hata wewe unafurahi."

Hapo ndipo ulipokuwa wakati wa kusema. Hakuna wakati mwingine uliokuwa mzuri kuliko ule. Fundi akafungua mdomo, maneno yakafika kwenye meno, na kilichotoka kikawa: "Mkate sijanunua bado. Nimesahau pesa."

Akatoka, akaenda kununua mkate. Njia nzima nafsi yake ilimsuta, na mkate ule hakuula.

Kuanzia siku ile aliishi na hatia yake kama mtu anayeishi na jino bovu, analikwepa kila anapotafuna na bado analigusa kwa ulimi. Bomba likifunguliwa nyumbani anashtuka. Mkewe akicheka anainamisha uso. Usiku anamsikia akipumua na kujua hajalala, naye anajifanya amelala. Kazini alishona kitabu kimoja kichwa chini miguu juu, mkutubi akakigeuza mara mbili.

"Daktari, leo umemfunga mgonjwa bandeji ya mguu kichwani."

"Samahani, mama." Akakipokea kitabu. "Hivi mama, mtu akimpunguzia mgonjwa dawa kwa kumhurumia, maana dawa ni chungu, hilo ni kosa?"

"Mgonjwa mwenyewe anajua kapunguziwa?" Mkutubi alikuwa anapapasa meza yote akitafuta miwani.

"Hajui. Anadhani dawa yote kameza na haikumsaidia."

"Ee! Basi huyo muuguzi afukuzwe kazi. Umeiona miwani yangu?"

"Iko kichwani, mama."

Mkutubi akaishusha, akacheka, akaenda zake, asijue alichokisema. Fundi akabaki na kitabu kilichopinduka. Aliliona jambo lake sasa lilivyo, bila jalada. Wala hakukata kwa ajili ya mkewe. Alikata kwa sababu yeye ndiye asiyeweza kuzisoma zile kurasa. Mtu aliyesifiwa kwa kutolia alikuwa ameogopa karatasi, na kwa woga wake amemwacha mkewe alie peke yake bafuni huku akijiona kilema wa moyo. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilichomfichua yeye kilikuwa cha mtu mwingine.

Alifikiria kuvirudishia vitabu kurasa zake kimyakimya, avirejeshe kabatini, asiseme neno. Lakini nambari zilikwisha kukatwa, na mkewe alikwisha kuvisoma. Kitabu hushonwa upya, lakini aliyekwisha kukisoma unamshonaje? Akaahidi kusema Jumanne. Jumanne kukawa na wageni. Akaahidi Jumatano. Jumatano mkewe alikuwa na furaha, au ile iliyovalishwa nguo za furaha, naye akaona vibaya kuiharibu. Sababu hazimwishi mwoga.

Alhamisi, wakila, mkewe akasema, "Jumamosi asubuhi wifi anakuja kuchukua nguo za mtoto. Ana watu anaowajua wenye watoto wadogo. Na kule zahanati sitarudi tena. Nimepona."

Aliyasema hayo huku akipakua mboga, kwa sauti ileile ya vitabuni. Kijiko cha Fundi kikagonga sahani. Nguo zile mkewe alizishona moja moja kwa mkono wake, mifuko yote, hata ile ya magauni ya sherehe. Zikitoka zimetoka, nani atakwenda mitaani kumvua mtoto wa mtu gauni?

"Si mapema?" aliuliza.

"Yule mfinyanzi aligawa vitu vya binti yake kabla ya mavuno," alijibu mkewe. "Mimi nimeshachelewa."

Jumamosi ilipofika nguo zilikuwa zimekunjwa ndani ya mfuko mkubwa katikati ya sebule, gauni la njano likiwa juu. Mama alikuwa anafagia na kuimba. Fundi aliingia kutoka uani na boksi la viatu alilotoka nalo kazini jana yake, akaliweka juu ya meza ya cherehani.

"Umeninunulia viatu?" mkewe alimtania.

"Acha kufagia. Kaa kidogo."

"Wifi yuko njiani."

"Kaa, nakuomba." Akapiga moyo konde. "Ile mikasa uliyoisoma si yote. Mwashi hakuimba kesho yake. Mimi nilichomoa kurasa. Kila penye kilio nimepachomoa, vitabu vyote, kisha nikakata nambari usijue. Panya hakuna. Panya ni mimi."

Mkewe alibaki na ufagio mkononi. Alilitazama boksi, akamtazama mumewe, tena akalitazama boksi. Hakuelewa mara moja, na Fundi alilazimika kuyarudia yote, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

"Kwa nini?"

"Nilisema zitakuumiza. Uongo. Zilikuwa zinaniumiza mimi."

"Uzi mpya niliuona," alisema mama polepole. "Mimi ni mshonaji, uzi mpya nitaacha kuuona? Nikasema mume wangu kakaa kazini anavishona upya vyote, visije vikanichanikia mikononi. Nikakushukuru kimoyomoyo. Kila kitabu nimekushukuru."

Fundi angependa apigwe ule ufagio. Hakupigwa. Mkewe aliuegemeza ukutani, akafungua boksi, akatoa kurasa za mwashi, akazisoma akiwa amesimama. Alisoma mama yule alivyokaa jikoni bila moto. Aligeuza ukurasa, akarudi nyuma, akasoma tena, midomo ikimcheza. Kisha akakaa sakafuni kando ya mfuko wa nguo.

"Huyu anakaa kitandani kwa mwanawe," alisema. "Wanamletea chakula, anauliza ni cha nani." Alikuwa analia, na hakuna bomba lililofunguliwa. "Alikuwemo. Muda wote alikuwemo, nawe umemficha ndani ya boksi. Unajua nimejiita nini mimi miezi yote hii? Unajua?"

"Sasa najua."

"Hujui." Akazitupa kurasa mapajani kwake, akazifukua nyingine kwenye boksi kwa hasira. "Ya mfinyanzi iko wapi?"

Fundi akageuza macho kabatini.

"Nakuuliza ya mfinyanzi iko wapi?"

Akaenda kabatini, akakileta kitabu chenyewe, akaweka kidole mgongoni pake. "Iko humu ndani. Niliibandika."

Mkewe alikishika. Alikuwa amelala na kitabu kile kifuani siku nyingi, akijiuliza yule mwanamke alipata wapi moyo wa kucheka. Akanyoosha mkono juu ya meza ya cherehani, akachukua kiwembe chake cha kufumulia mishono, akampa mumewe.

"Fumua."

Fundi akapiga magoti palepale sakafuni, akapasua jalada pembeni, akaenda jikoni kuloweka kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, akarudi akakibana mgongoni mpaka gundi ikaanza kulainika. Akabandua. Karatasi zilitoka vipande vipande, na nyingi zilitoka tope. Gundi ilikuwa imekula maneno. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuharibu ukurasa usiorudishika, na huu aliuharibu kwa mkono wake, kwa kujua. Alibandua kipande baada ya kipande, akavitandaza sakafuni juu ya kitambaa cheupe cha mkewe, akitafuta chochote kinachosomeka. Ukapatikana ukanda mmoja mwembamba, mstari mmoja na nusu.

"Soma," alisema mkewe.

"Soma wewe. Ni yako."

"Nimesema soma. Mimi nimeshasoma peke yangu vya kutosha."

Fundi akausogeza ukanda kwenye mwanga wa dirisha. "Mwaka wa pili uliingia," alisoma, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kazini, "na bado kila asubuhi alikanda udongo wa kuwatosha watu..." Akasimama hapo. Akakohoa. Akajaribu tena, "wa kuwatosha watu wawili," na neno la mwisho halikutoka kama neno. Mabega yakaanza kumtikisika. Akaziba mdomo kwa kiganja chenye gundi, haikusaidia. Yule mwanamume wa makaburini aliinama juu ya karatasi zilizolowa akalia kwa sauti, makamasi na yote, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Mkewe alimtazama. Hakumgusa. Uso wake ulikuwa bado na hasira, lakini hakuacha kumtazama, maana hilo hakuwahi kuliona.

"Hodi! Wenye nyumba!" Dada mkubwa alikuwa ameshaingia, kanga begani, sauti mbele. "Nimekuja na mtu wa kubeba, yuko nje. Mfuko ndio huu?" Akaona sakafu, akaona kitabu kilichopasuliwa, akamwona mdogo wake. "Kulikoni tena? Nani kafa?"

Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Akajiziba mdomo.

"Mtoto wetu, wifi," alisema mama, akiwa palepale chini. Alivuta gauni la njano kutoka juu ya mfuko, akaliweka mapajani, akatia mkono mfukoni mwake. Kulikuwa na kijiwe. Alikiacha humohumo. "Mwambie mtu wako aende. Nguo hazitoki leo. Sijui zitatoka lini, na usiniulize."

Dada mkubwa alichungulia nje, akampungia mtu wake aende, kisha akakaa kwenye kiti cha cherehani.

Fundi alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nisamehe," alisema.

"Leo siwezi," alijibu mkewe.

Kidole chake kilikuwa bado ndani ya ule mfuko mdogo wa gauni. Kisha akausogeza ukanda wa karatasi, taratibu usikatike, mpaka ukafika mbele ya magoti ya mumewe, akamwita kwa jina ambalo hakuna aliyelitamka ndani ya nyumba ile tangu siku ya mazishi.

"Baba Chiriku," alisema, "soma tena hapo."